Fukusi Unayemwona Amekwishamaliza Kazi: Kisa cha Ghala la Mikunde Tandale

Shangazi yangu anauza nafaka na mikunde Tandale, Dar es Salaam, tangu mimi niko shule ya msingi. Jumamosi moja ya mwisho wa Novemba alinipigia simu alfajiri. Nilimwamkia, akaitikia marahaba ya haraka haraka, kisha akasema, "Njoo uone mwenyewe, baba. Ghala linatembea." Nilipofika na kusukuma mlango wa bati nikaelewa. Wadudu wa rangi ya kahawia, wadogo kuliko punje ya choroko, walikuwa wametanda ukutani na kwenye mishono ya viroba, na wengine wakaruka kuufuata mwanga wa mlangoni.

Kazi yangu ni ya ugani, upande wa kinga ya mazao. Kisa hiki nakiandika kwa idhini yake, bila jina lake. Alichokifanya kabla ya kuniita ndicho nilichokikuta katika maghala mengi niliyoingia hapa mjini: anapigwa mdudu anayeonekana. Na katika mikunde, fukusi anayeonekana ni yule ambaye hasara yake imekwishatokea.

Ghala lenyewe ni chumba cha tofali za saruji chenye paa la bati. Kati ya ukuta na bati kuna mwanya wa kupitisha mkono. Ukuta wa nyuma unachangiwa na nyumba ya wapangaji. Ukisimama kimya unasikia watoto upande wa pili. Ndani kulikuwa na viroba 22 vya dengu zilizotoka Shinyanga, vilivyoshushwa mwisho wa Agosti baada ya mavuno, viroba 13 vya choroko, viroba 5 vya kunde, viroba 11 vya maharage, na mifuko 4 midogo ya adesi nyekundu za kutoka nje, zilizokobolewa na kupasuliwa. Mzigo wote ulikuwa unasubiri mfungo wa Ramadhani, miezi mitatu mbele, wakati mji mzima unapotafuta kunde za nazi na bajia za dengu kwa futari.

(Niweke jambo moja sawa kabla sijaendelea, maana limewahi kuleta ugomvi wa mzigo. Dengu ninazozisema hapa ni zile punje za kahawia zenye mikunjo na kidomo mbele. Mteja wa Kenya akiagiza ndengu anataka choroko. Ushauri wa simu unaotolewa bila kuuliza ni punje gani unaweza kupotea njia hapo hapo.)

Wiki tatu kabla ya simu ile shangazi alikuwa ameona wadudu wachache kwenye kunde. Akapatikana kijana wa mtaani mwenye bomba la mgongoni na chupa isiyo na lebo. Alipuliza kuta, akapuliza sakafu, akavipuliza na viroba vya kunde vyenyewe. Kesho yake walifagia wadudu waliokufa, kikombe kizima. Siku nne tano kukatulia. Kisha wakaanza kuonekana mmoja mmoja, na wiki ya tatu wakawa wengi kuliko mwanzo. Shangazi alihitimisha kwamba dawa ilikuwa feki. Huenda ilikuwa feki, lakini hata ingekuwa kali kuliko zote sokoni, matokeo yangekuwa hayo hayo, na hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki.

Alichokuwa anakifanya mdudu muda wote huo

Mdudu wa ghala lile ni fukusi wa kunde, ambaye wataalamu humwita Callosobruchus maculatus. Mdudu mzima hali punje kabisa. Akishatoka anaishi kama wiki moja au mbili, na kazi yake ni kupandana na kutaga. Jike huweza kutaga mayai yanayokaribia 100, na kila yai hulibandika kwa gundi yake juu ya ganda la punje. Kwa jicho la kawaida linaonekana kama doa dogo linalong'aa. Siku chache baadaye buu huanguliwa, lakini hatoki nje: anatoboa ganda pale pale chini ya yai na kuingia moja kwa moja ndani ya punje. Unga anaoutoa anapotoboa hulijaza yai tupu, ndiyo maana yai lililokwishaanguliwa ni jeupe pe, na lile bichi ni angavu kama tone la maji lililokauka.

Kuanzia hapo hakuna anayemwona. Anakula ndani, anakua ndani, na kabla ya kulala kama pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa mdudu kamili, anakwangua nyama ya punje hadi chini ya ganda, akiacha utando mwembamba wa duara. Tunauita kidirisha. Mdudu kamili husukuma kidirisha hicho na kutoka, akiacha tundu la duara lililokatwa vizuri kama kwa keekee. Kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa hewa wa asilimia 70 safari yote hiyo, kutoka yai hadi mdudu, huchukua takriban wiki tatu hadi nne. Soma tena namba hizo mbili za joto na unyevu. Hiyo ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam ya Novemba, chini ya bati. Hatukumjengea fukusi ghala, lakini tungetaka kumjengea tusingejenga tofauti.

Sasa rudi kwenye dawa ya yule kijana. Siku alipopuliza, ndani ya punje kulikuwa na mabuu wa kila umri na pupa waliobakiza siku chache, wote wamefunikwa na ganda na nyama ya punje. Dawa iliwaua waliokuwa juu, yaani wale waliokwishataga. Kikombe cha wadudu waliofagiwa kilimpa shangazi faraja, na faraja hiyo ilikula wiki tatu ambazo zingeweza kuokoa viroba kadhaa.

Hesabu yake ni ya kutisha. Tuseme katika mayai yote ya jike mmoja wanafanikiwa kutoka majike 20 tu. Kizazi cha pili wako 400. Cha tatu ni 8,000. Kutoka mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba ni wiki 13, vizazi vitatu vimekamilika na cha nne kiko njiani. Ndiyo maana mfanyabiashara huwa anaapa kwamba mzigo ulikuwa safi na "wadudu wametokea ghafla". Haapi uongo. Vizazi viwili vya kwanza havionekani kwa mtu asiyevitafuta.

Kuruka kwao nako kulikuwa na habari ya kutoa. Fukusi huyu ana maumbo mawili, mmoja mtulivu asiyependa kuruka na mwingine mwepesi wa kuruka. Wa kuruka huzaliwa kwa wingi pale mabuu wanaposongamana ndani ya punje na joto linapopanda. Kwa hiyo nilipoona wanaruka nilijua kwamba mahali fulani ndani ya chumba kile kuna mzigo uliokwishaliwa sana, na wanaoruka wanahama kutafuta punje mpya.

Kutafuta chanzo kwa bambo na sinia

Nilimwomba shangazi bambo lake, kile chuma chenye ncha cha kuchotea punje ndani ya kiroba, na sinia jeupe. Kila kiroba tulikidunga mara tatu, juu, katikati na chini, tukachanganya, tukahesabu punje 100 juu ya sinia. Kijana wake wa ghala alikuwa na macho mazuri kuliko yangu. Baada ya viroba vitatu alikuwa anatofautisha yai bichi na yai jeupe bila lenzi. Tuliandika kwa chaki kwenye kila kiroba: punje zenye mayai, zenye vidirisha, zenye matundu.

Picha ilijichora yenyewe. Kunde zilikuwa na matundu kwenye punje zaidi ya 60 katika 100. Dengu za safu iliyogusana na kunde zilikuwa na mayai kwenye punje 20 hivi na matundu kwenye 6 hadi 9. Kadiri tulivyosogea kuelekea mlangoni namba zikashuka, hadi dengu za safu ya mbele zilizokuwa na punje mbili tatu zenye mayai na hakuna tundu hata moja. Choroko viroba 8 vilikuwa safi, 5 vilikuwa na mayai machache. Moto ulianzia kwenye kunde.

Na kunde ziliwapata wapi wadudu hao? Tulipoondoa chaga za nyuma tukakuta masalia ya msimu uliopita yaliyofagiwa chini yake, kama debe moja la kunde zilizobunguliwa zikawa maganda matupu, wadudu hai wakitembea humo. Viroba vilivyobeba kunde mpya vilikuwa vya zamani, vilivyotumika tena, na mishono yao ilikuwa na wadudu pia. Shambani nako mchango upo, kwa sababu fukusi huyu huanza kutaga kwenye maganda ya kunde yanayokaukia mmeani. Mkulima anayechelewa kuvuna wiki mbili anauza kunde pamoja na kizazi cha kwanza. Lakini debe lile chini ya chaga ndilo lililokuwa limeketi na kusubiri mzigo mpya.

Kulikuwa na dalili mbili zilizokuwa zimemchanganya shangazi. Ya kwanza ni maharage. Viroba vyake vilikuwa jirani na kunde na havikuwa na tundu, akaamini kwamba pembe ile iko salama. Tulipoangalia kwa lenzi tukakuta mayai kwenye punje za maharage. Jike alikuwa ametaga, ila mabuu walikufa baada ya kuingia, kwa sababu maharage ya kawaida yana kinga yake ya asili, kizuizi cha kimeng'enya kinachomfanya buu huyu ashindwe kumeng'enya wanga. Maharage yana maadui wake wengine, lakini huyu hayawezi. Maharage yasiyo na matundu hayakuwa ushahidi wa usalama wa dengu zilizo hatua mbili kutoka pale. Adesi nazo zilikuwa nzima kwa sababu tofauti: zimekobolewa na kupasuliwa, na fukusi huyu anahitaji punje nzima. Adesi nzima zenye ganda anazila.

Dalili ya pili ilikuwa kwenye dengu. Shangazi alikuwa amezitenga punje kadhaa zenye majeraha makubwa yasiyo na umbo, kama zimetafunwa ubavuni, akisema fukusi wameshafika hata viroba vya mbele. Hao si fukusi. Hayo ni meno ya funza wa vitumba, Helicoverpa armigera, yule yule anayewasumbua wakulima wa pamba wa Shinyanga na Simiyu. Huyu anatoboa ganda la dengu likiwa bado bichi shambani, anaingiza kichwa, anatafuna, anahamia ganda jingine. Jani la dengu lina asidi inayowachukiza wadudu wengi, ila yeye hajali. Vita yake ni ya shambani: kukagua maganda mapema mimea inapoanza kuzaa, kuwaokota wakiwa wachache na wadogo, kutopanda dengu ukingoni mwa pamba iliyochelewa, na kupuliza tu pale hesabu ya funza inapolazimisha, kabla hawajanenepa na kuingia ndani. Ghalani hana uzao, kinachofika huko ni punje iliyotafunwa tu. Jeraha lisilo na yai juu yake na lisilo la duara halina haja ya kumnyima mtu usingizi Tandale.

Wenzetu wa nchi za baridi wana mfano mwingine kwenye njegere kavu. Mbawakavu wa njegere, Bruchus pisorum, hutaga juu ya maganda mabichi shambani, hukua ndani ya punje, na anaweza kutokea ghalani kwa wingi wa kuogofya, lakini haanzi kizazi kipya kwenye njegere kavu. Ni kizazi kimoja kwa mwaka. Mtu akimpulizia dawa ghalani anapoteza hela yake yote. Fukusi wetu wa kunde ni kinyume chake kabisa, ghala ndilo shamba lake. Tundu linaweza kufanana na maamuzi yakawa tofauti kama usiku na mchana, ndiyo maana udhibiti husishi, yaani ule unaounganisha njia mbalimbali za kupambana na wadudu, huanza na sinia na kuhesabu, bomba baadaye sana.

Jirani mwenye vidonge

Kabla hatujaamua lolote aliingia mfanyabiashara jirani, mtu mwema, amekuja kusaidia. Alikuwa na vidonge vya fosfidi ya alumini mfukoni, kwenye karatasi. Alisema anaweka kimoja ndani ya kila kiroba, anafunga mlango, asubuhi kila kitu kimekufa.

Nataka kuliandika hili polepole, kwa sababu vidonge hivi vimezagaa. Kidonge kinapokutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inamwingia mdudu hata ndani ya punje, na kwa hilo ni kweli ina nguvu kuliko dawa yoyote ya kupuliza. Lakini inamwingia mtu vilevile, na haina dawa ya kuipinga ikishaingia mwilini. Ghala lile lilikuwa na mwanya juu ya ukuta, na upande wa pili watoto wanalala. Gesi ingetoka kwetu na kuingia kwao usiku, bila kelele. Harufu yake ya vitunguu saumu si ulinzi, maana mtu aliyelala hanusi.

Hata ukiacha hatari, kwenye chumba kile isingefanya kazi. Fosfini inahitaji kufungiwa kabisa kwa siku kadhaa, kwa sababu mayai na pupa huvumilia kuliko mabuu na wadudu kamili. Gesi inayovuja kwa usiku mmoja inaua wale wa rahisi na kuwaacha wagumu, na ukirudia hivyo msimu baada ya msimu unafuga fukusi asiyesikia gesi. Fosfini ina mahali pake: ghala linalofungika, turubai lisilopitisha gesi, mtu aliyefunzwa mwenye vifaa, na hakuna binadamu anayelala ukuta wa pili. Nilimwambia jirani hivyo kwa adabu, mbele ya shangazi. Alinyamaza, kisha akaniuliza avitupe wapi. Nikamwomba arudishe kwa mwenye duka la pembejeo alikovinunua, asivitupe jalalani wala chooni.

Akapendekeza basi ile dawa ya unga inayochanganywa kwenye mahindi ghalani. Ile imetengenezwa kwa ajili ya dumuzi, yule tunayemwita Scania, aliyeingia nchini kupitia Tabora na kugundulika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na anayekula mahindi na mihogo mikavu. Unga ukichanganywa unamkuta mdudu anayetembea nje ya punje, hivyo tunarudi pale pale kwa yule kijana wa bomba. Tena baadhi ya dengu hizi zingeuzwa ndani ya mwezi, dawa ikiwa bado juu ya punje. Sikukubali.

Tulivyogawa mzigo

Kunde viroba vitano vilikuwa mjadala mgumu. Shangazi alitaka kuzichekecha, kuzianika na kuziuza rahisi kwa wafugaji wa kuku. Kwa punje zilizobunguliwa tu ningefikiria. Ila hizi zilipuliziwa dawa isiyojulikana moja kwa moja juu ya kiroba. Kila kiuatilifu kinachouzwa kihalali nchini kinatakiwa kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020, na lebo ndiyo inayosema ni cha zao gani, kiasi gani, na usubiri siku ngapi kabla ya kula. Chupa ile haikuwa na lebo. Kuku anakula, yai linaliwa na mtoto. "Viroba vitano ni ada ya muhula mzima ya mdogo wako," aliniambia. Sikuwa na jibu la kumrudishia ada ile. Alikaa juu ya ndoo kwa muda, halafu akamwita kijana, akasema wavitoe. Vilifukiwa pamoja na masalia yaliyokuwa chini ya chaga na viroba vyao vya zamani.

Katika vumbi lililofagiwa pembe ile nilikuta kwa lenzi miili ya nyigu wadogo weusi, wadogo kuliko fukusi mwenyewe. Ni wa jamii ya Dinarmus. Nyigu huyu hupenyeza mkia wake ndani ya punje na kutaga juu ya buu wa fukusi, na mtoto wake humla buu huyo. Walikuwa wamekuja wenyewe, kama wanavyokuja kwenye maghala mengi yaliyoshambuliwa, na wasingetosha kuuzima moto ule. Lakini ndio pekee waliokuwa wakimwua fukusi ndani ya punje, na bomba liliwamaliza.

Dengu za safu ya kati, zenye mayai na matundu machache, tulizipasha joto. Uani tulitandaza nailoni nyeusi juu ya mkeka mkavu, tukamwaga dengu unene wa vidole viwili, tukafunika kwa nailoni angavu na kubana kingo kwa mawe. Joto la nyuzi 57 likishikilia saa nzima linaua hatua zote, yai, buu, pupa na mdudu. Nilichomeka kipimajoto katikati ya punje, tukaanza kuhesabu saa pale tu kilipofika. Siku ya kwanza jua la saa saba lilitosha. Siku ya pili mvua ya vuli ikatukamata, na kosa lilikuwa langu, niliwaambia waendelee wingu likiwa tayari limesimama upande wa bahari. Viroba viwili vya dengu vilipata maji. Tulitumia siku mbili zaidi kuvikausha, tukivipima kwa chumvi: unaweka chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, unatikisa, chumvi ikinata ukutani mwa chupa punje bado zina unyevu mwingi wa kuhifadhi. Baada ya kupashwa zilichekechwa, zikapepetwa kwa ungo, na shangazi akaziuza upesi kwa bei ya chini akimwonyesha kila mteja matundu. Wapo walionunua wakijua. Wauza bajia wawili walikataa, na walikuwa na haki.

Zile zenye mayai machache bila matundu, pamoja na choroko zote, ndizo zilizokuwa na thamani ya kulindwa hadi mfungo. Hizo tulizikausha vizuri na kuziweka kwenye mifuko ya PICS, ile ya nailoni mbili nene ndani na kiroba nje. Ilibuniwa kwa ajili ya kunde hasa, katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani na wenzao wa Kameruni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, na imeenea kwenye mahindi baadaye. Unajaza, unashindilia ili hewa itoke, unaisokota shingo ya nailoni ya kwanza, unaikunja na kuifunga, kisha ya pili hivyo hivyo, kisha kiroba. Wadudu waliomo humaliza oksijeni iliyobaki. Buu hafi mara moja. Anaacha kula, na kwa kuwa maji ya mwili wake anayapata kwa kukichoma mwilini mwake kile anachokula, kazi inayohitaji oksijeni, anaishia kukauka. Yaani anakufa kwa kiu ndani ya chakula. Shangazi alilipenda sana jambo hili, amelihadithia soko zima.

Masharti yake ni machache ila hayana msamaha: usifungue fungue kuchungulia, na usiache panya. Mimi nilisema hasa la kwanza, la pili nikalipitia juu juu.

Baada ya wiki nane

Mwisho wa Januari nilirudi tukafungua. Mifuko yote ya dengu na choroko ilikuwa vile vile tulivyoifunga, wadudu wachache waliokufa chini, hakuna matundu mapya. Isipokuwa mmoja. Panya walikuwa wametafuna pembe ya chini ya mfuko wa choroko, tundu la ukubwa wa kidole, na humo fukusi walikuwa hai na wanataga. Hewa inayopita kwenye tundu la kidole inatosha. Tulinunua mitego na kuusogeza mzigo wote sentimita 50 kutoka ukutani ili paka wa jirani apite.

Kuta na sakafu zilikuwa zimezibwa nyufa kwa saruji na kupakwa chokaa, viroba vya zamani havirudi ndani, na masalia hayakai chini ya chaga hata siku moja. Kila Ijumaa kijana anachota punje 100 kwa bambo na kuandika kwenye daftari mayai mangapi ameona. Ni kazi ya dakika 20. Safu ya daftari hilo inayosema "meupe" na ile inayosema "angavu" ndiyo inayomwambia shangazi kama ana wiki tatu au ana siku chache.

Kwa wateja wanaonunua kilo mbili tatu za kunde au choroko za kuweka nyumbani, anawaambia wamimine kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kwa kila kilo na kuchanganya hadi kila punje ing'ae, kwa sababu mafuta yanaziba pumzi ya mayai. Mwenye friza azigandishe siku kadhaa. Bibi zetu walitumia majivu na yanafanya kazi kwa kumzuia mdudu kutembea na kupandana, ila lazima yawe mengi kiasi cha kuzifunika punje, na mpishi wa mjini hapendi kuyaosha.

Lililobaki ni ukuta wa kushoto. Ghala la upande ule linahifadhi kunde mwaka mzima, na mwezi Februari, joto lilipokuwa kali, tuliwaona fukusi wakiingia jioni kupitia mwanya wa bati. Shangazi ameziba upande wake kwa wavu. Mwenye ghala lile, ambaye ndiye yule jirani wa vidonge, amekubali watoe mizigo yao wiki moja mwezi Julai, kabla mizigo mipya haijafika, wasafishe maghala yote mawili kwa pamoja, na ameomba kijana wa daftari amfundishe wake kuhesabu mayai.